Helikopta ya Kuchezea Si ya Mchezo



Wasomaji wetu wapenzi, wiki hii tunazungumzia zawadi ambayo imeanza kuonekana katika majumba yetu ya Kona ya Musa: helikopta ndogo ya kuongozwa kwa rimoti. Aghalabu hufika ndani ya sanduku la ndugu arudiye likizo kutoka Dubai au Maskati, au hununuliwa Mombasa mtoto anapofaulu mtihani. Mtoto hufurahi, mama huingiwa na hofu, na baba husoma karatasi ya maelezo mara moja kisha akaiweka kando. Wazazi wametuuliza vipi chombo hiki kitengenezwe na kirushwe pasiwe na madhara.

Jawabu letu, kwa ufupi, ni kwamba kazi kubwa ya helikopta hufanyika ardhini, kabla haijaruka. Na la mwanzo katika kazi hiyo ni kujua mahali ambapo haifai kurushwa.

Aina mbili zisichanganywe

Ipo helikopta nyepesi isiyozidi kiganja, yenye mapangaboi mawili, moja juu ya jingine, yanayozunguka kinyume. Hiyo imetulia yenyewe, nayo hurushwa sebuleni. Ikimgonga mtu humshtua tu, ingawa macho bado yahitaji hadhari. Ipo na ya pili, yenye pangaboi moja kubwa juu na jingine dogo mkiani, mota ya nguvu na mapanga magumu ya plastiki au nyuzi za kaboni. Hii ya pili huuzwa pamoja na vitu vya kuchezea, na picha iliyo juu ya kasha hufanana na ile ya kwanza, lakini ni mashine kamili.

Tupige hesabu pamoja na watoto wetu. Helikopta ya kadiri ina mapanga ambayo yakizunguka hufanya duara lenye upana wa sentimita 70 hivi. Mzingo wa duara hilo ni takriban mita 2.2. Mapanga hayo yakizunguka mara 2,500 kwa dakika, ncha yake huenda mita 5,500 kila dakika, yaani kilomita 330 kwa saa. Hakuna matatu ya Likoni iliyowahi kufika nusu ya mwendo huo. Ukubwa wa chombo usitudanganye.

Septemba 2013, katika bustani moja ya Brooklyn, New York, kijana wa miaka 19 alipigwa kichwani na helikopta yake mwenyewe ya rimoti akafariki papo hapo. Hakuwa mwanagenzi, alikuwa hodari wa mchezo huo. Hatulitaji jambo hili ili kuwatisha watoto. Twalitaja kwa sababu wengi wetu hudhani kuwa hatari ni ya wanaoanza tu, ilhali ustadi nao huzaa kujiamini, na kujiamini humsogeza mtu karibu na panga kuliko inavyofaa.

Mbingu yetu ina wenyewe

Sisi wakaazi wa Ukunda tuna jambo ambalo wengine hawana. Uwanja wa ndege uko katikati yetu. Ndege zinazotoka Nairobi huteremka juu ya mapaa na minazi yetu, na mtu akiwa barazani huweza kuona magurudumu yake waziwazi. Upande wa ufuoni, Diani, kuna wanaoshuka kwa miavuli kutoka angani, na Galu kuna vishada vya wale wanaoteleza juu ya maji. Kwa hivyo anga tunayoiona tupu si tupu.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, ilitoa kanuni za vyombo vya anga visivyo na rubani mwaka 2020. Kanuni hizo zinazuia kuruka zaidi ya futi 400 kutoka ardhini, ambazo ni kama mita 120. Zinazuia kuruka chini ya mita 50 kutoka kwa watu, magari na majengo yasiyohusika na mrushaji. Na zinazuia kuruka bila ya idhini karibu na kiwanja cha ndege, umbali wa kilomita 7 kwa viwanja vidogo na kilomita 10 kwa vikubwa. Chukueni ramani, wekeni ncha ya bikari juu ya uwanja wa Ukunda, mchore duara la kilomita 7. Kona ya Musa yote imo ndani, na Diani imo ndani.

Yuko atakayesema kwamba chake ni cha kuchezea, kanuni hazimhusu. Twamwambia hivi: rubani anayetua na abiria nyuma yake hana njia ya kutambua kilicho mbele ya kioo chake ni mchezo au si mchezo. Kilo moja ya chuma na betri ikikutana na pangaboi la ndege, ubishi wa maneno hausaidii. Mzazi aulize KCAA kabla ya kununua, na hasa kabla ya kuagiza kutoka ng'ambo, kwa kuwa kuingiza chombo cha anga nchini bila ya idhini huweza kuishia kwa chombo kuzuiliwa forodhani na fedha kupotea.

Basi tufanye nini? Ile ndogo ya kiganjani na irushwe ndani, sebuleni au katika ukumbi, milango na madirisha yakiwa yamefungwa na feni imezimwa. Ile kubwa na ipelekwe mbali na duara hilo, upande wa bara au kusini kuelekea Msambweni, katika uwanja mtupu ambao mwenyewe ameridhia, baada ya ruhusa kupatikana. Pawe mbali na nyaya za umeme, barabara na mifugo. Misitu ya kaya, kama vile Kaya Kinondo na Kaya Muhaka, iheshimiwe. Si mahali pa kurushia kitu bila ya wazee wake kujua. Na yule ambaye bado hajapata ruhusa wala uwanja, kuna programu za kompyuta zinazofundisha kurusha helikopta kwa rimoti ile ile. Humo mtoto huanguka mara mia bila ya kuvunja panga hata moja.

Kwa nini ina mkia

Anayetaka kutengeneza helikopta sharti aelewe jambo moja kwanza. Mota ikizungusha pangaboi kubwa upande mmoja, kiwiliwili chenyewe hutaka kuzunguka upande wa pili. Pangaboi dogo la mkiani husukuma hewa kando ili kiwiliwili kitulie. Likilegea au likichelewa, chombo kizima huzunguka kama pia. Ndani yake mna kifaa kidogo kiitwacho jairo, ambacho huhisi mzunguko huo mapema kuliko jicho na kuuamuru mkia urekebishe.

Habari za mkia zatukumbusha Abbas ibn Firnas, mwanachuoni wa Kordoba katika karne ya 9. Wanahistoria wamesimulia kwamba alijivika manyoya na mbawa, akaruka kutoka mahali pa juu na kuelea kwa muda, kisha akaumia mgongo wakati wa kutua. Sababu iliyotajwa ni kwamba hakujitengenezea mkia, naye hakuzingatia kuwa ndege hutua kwa msaada wa mkia wake. Wahenga wetu wana neno linalolingana na kisa hicho: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Tangu Kordoba hadi leo, kupaa hujaribiwa na wengi; kutua salama ndiko kunakodai elimu.

Matengenezo ya mezani

Kazi ya kwanza hufanyika mezani, mota ikiwa imechomolewa nyaya zake. Hili tunalisisitiza. Mota iliyounganishwa huweza kuamka kwa kuguswa kijiti cha rimoti kwa bahati mbaya, na meza ya chumbani haina mahali pa kukimbilia.

Skrubu zote zikaguliwe moja moja. Zile zinazoingia katika chuma zitiwe tone la gundi ya kuzuia skrubu kulegea, kwa kuwa mtikisiko wa helikopta hufungua kila kisichoshikwa. Mapanga yatazamwe kwa mwanga. Lenye ufa, hata mwembamba kama unywele, livunjwe na kutupwa ili asije mwingine akalifunga. Mapanga mawili yawe na uzito sawa. Pwani yetu ina chumvi na mchanga, hivyo baada ya kila safari mashine ipanguswe kwa kitambaa kikavu, na vyuma vinavyozunguka vitiwe mafuta mepesi.

Kisha tuangalie mizani. Betri ikiwa mahali pake lakini haijaunganishwa, ishike helikopta kwa kitovu cha pangaboi kubwa uiache ining'inie. Kiwiliwili kikae sawasawa. Kikiinama mbele, betri isogezwe nyuma. Kikiinama nyuma, isogezwe mbele. Helikopta isiyo na mizani humlazimisha mrushaji kupigana nayo tangu sekunde ya kwanza.

Baada ya hapo, washa rimoti na uunganishe umeme wa sevo, zile mota ndogo zinazoinamisha sahani iliyo chini ya pangaboi. Kijiti kikisogezwa kulia, sahani iiname kulia. Kikisogezwa mbele, iiname mbele. Kijiti kikiachwa katikati, sahani ilale sawa kama maji ndani ya bilauri. Kisha geuza mkia kwa mkono, uone kama jairo inaurudisha upande unaotakikana. Jairo iliyogeuzwa ni miongoni mwa makosa ya hatari zaidi, kwa kuwa badala ya kuzuia mzunguko huuongeza, na chombo huwa hakiwezi kudhibitiwa tangu kinapoiacha ardhi.

Jambo la mwisho la mezani ni kupanga rimoti iizime mota yenyewe mawasiliano yanapokatika. Chombo kilichopotewa na amri na bado kina nguvu ni sawa na jahazi lisilo na nahodha.

Betri ni moto uliolala

Helikopta hizi hutumia betri laini za lithiamu, ambazo si kama za simu. Kila chumba cha betri hujaa kikifika volti 4.2 wala hakitakiwi kuzidishwa. Na hakitakiwi kushuka chini ya volti 3. Betri yenye vyumba vitatu basi hujaa kwa volti 12.6. Itumiwe chaja yake maalumu inayosawazisha vyumba, na mkondo usizidi ule ulioandikwa. Kwa kawaida betri ya miliampia 2,200 huchajiwa kwa ampia 2.2, yaani muda wa kama saa moja.

Ichajiwe juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na mkeka, pazia na makuti, na ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu. Isiachwe ikichaji tukaenda msikitini kuswali Isha, wala tukalala. Isiachwe ndani ya gari juani. Ikiwa haitatumika kwa siku kadhaa, iachwe na volti 3.8 hivi kwa kila chumba, si tupu wala si tele. Na ikivimba, haitobolewi wala haichajiwi tena. Itolewe nje na kuwekwa mbali na kila kinachoshika moto, wala isitupwe jaani panapochomwa taka. Nyumba zetu nyingi zimeshikana ukuta kwa ukuta, na paa la makuti halimpi jirani nafasi ya kuzinduka.

Siku ya kuruka

Saa njema kwetu ni mara tu jua linapochomoza, wakati umande ungali unavuma polepole kutoka bara na upepo wa bahari haujaamka. Kufikia saa nne, iwe kaskazi au kusi, upepo huwa umepata nguvu, na mwanagenzi na arejee nyumbani.

Miguu ya helikopta ifungwe fito mbili zilizopishana, zenye tufe jepesi kila ncha. Kazi yake ni ile ya matengo ya ngalawa: chombo kikilala upande, fito hukizuia kupinduka. Rimoti iwashwe kwanza, kijiti cha nguvu kikiwa chini kabisa, ndipo betri ya helikopta iunganishwe. Wakati wa kumaliza ni kinyume chake: betri ya helikopta hutolewa kwanza, rimoti huzimwa mwisho. Mara betri inapounganishwa, chombo kiachwe bila ya kuguswa mpaka jairo itulie.

Mrushaji asimame mita 10 nyuma ya helikopta, pua yake ikielekea upepo, na mkia ukimwelekea yeye. Hivyo kulia kwa helikopta huwa ndiko kulia kwake. Watazamaji wote wasimame nyuma ya mrushaji, wala si kando. Mtu mzima mmoja asiangalie helikopta kabisa. Kazi yake ni kutazama watoto, njia na mbingu. Akisikia mngurumo wa ndege aseme "Shusha", na chombo kishushwe pasipo kuulizana.

Mara ya kwanza pangaboi lizungushwe bila ya kupaa, na mapanga yatazamwe kwa mbali, usawa wa macho. Yote mawili yapite njia moja. Likionekana moja juu na jingine chini, zima, ngoja yasimame kabisa, kisha rekebisha kifimbo chake. Asimsogelee mtu mapanga yanayozunguka, hata yakiwa yanapungua mwendo.

Ndipo nguvu iongezwe polepole mpaka chombo kiwe chepesi. Karibu na ardhi kitayumba, kwa kuwa kimelalia hewa kinayoisukuma chenyewe. Kikipanda hadi nusu mita au zaidi kidogo hutulia. Kiachwe hapo kwa sekunde chache, kisha kishushwe. Kurudia hivyo mara hamsini ndiko kujifunza. Asiyeweza kukiweka mahali pamoja kwa dakika moja hana ruhusa ya kukizungusha uwanjani. Saa ya mkononi iwekwe kengele ya dakika 5, kwani betri haitoi onyo la adabu.

Na mambo yakiharibika, nguvu ikatwe. Huu ndio mtihani mkubwa wa kijana, maana mkono hutaka kuokoa mali. Chombo kinapoelekea watu, kiangushwe hata kama gharama yake ni mshahara wa mwezi. Panga hununuliwa, jicho la mtoto haliuzwi duka lolote.

Haki ya jirani

Helikopta nyingine huja na kamera. Nyumba zetu zina nyua, na ndani ya ua mama hujistiri kwa ukuta akajipumzisha na mtandio wake. Adabu ya dini yetu ni kubisha hodi na kutochungulia nyumba ya mtu kabla ya kupewa ruhusa, na adabu hiyo haikuwekewa mpaka wa urefu wa ukuta. Sheria ya nchi nayo, ile ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inamlinda mtu asichukuliwe habari zake ovyo. Anayeruka juu ya ua wa jirani ana makosa mawili kwa wakati mmoja.

Na iwapo madhara yametokea, fiqhi yetu yatufundisha kuwa aliyeharibu mali ya mwenziwe hulipa, ijapokuwa hakukusudia. Kutokukusudia huondoa dhambi, hakuondoi deni. Mzazi amweleze mtoto jambo hilo kabla ya kumkabidhi rimoti, ili ajue kuwa amepewa amana pamoja na zawadi.

Je, baada ya masharti yote haya, kuna kheri gani? Iko kheri nyingi. Mwaka 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kuipima Unguja na Pemba kwa ndege zisizo na rubani, na mwaka huo huo Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa vyombo vya namna hiyo. Walioviongoza hawakuzaliwa wakijua. Mtoto wetu, wa kiume au wa kike, anayekaza skrubu, anayepima volti na kungoja upepo utulie, anajifunza hesabu na umeme, na zaidi ya hayo anajifunza kuzuia mkono wake. Tusimnyime elimu hiyo kwa hofu, wala tusimwachie peke yake kwa uvivu. Mzazi akae naye mezani, aende naye uwanjani.

Kwa wiki hii, tunaomba kila nyumba yenye chombo hiki ifanye jambo moja tu: mchore lile duara la kilomita 7 kwenye ramani, mlibandike ukutani, juu ya mahali pa kuchajia betri. Litasema yote tuliyoyasema kila siku bila ya kuchoka.

Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu na wasafiri wanaopita juu ya mapaa yetu. Amin. Tukutane wiki ijayo, inshallah.